Mwanafunzi Mmoja wa Mlowe

Asubuhi ambayo Otilia Mgaya alitakiwa kufaulu mtihani na kwenda zake nyumbani, moyo ulimdunda mpaka akahofia askari wa zamu angeusikia.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya tano yake, mikono juu ya magoti, akisubiri kuhesabiwa. Katika Gereza la Wanawake la Mlowe, huko juu milimani ambako hata kuku hutembea wamejikunyata, hakuna anayehesabiwa peke yake. Mnakaa watano watano, mmoja nyuma ya mwingine, na aliye mbele ndiye anayeitikia kwa niaba ya wote. Mkikaa hivyo miaka saba, unamjua mwenzako kwa kikohozi chake.

"Upepo umegeuka," Bibi Melania Sanga alinong'ona nyuma yake.

"Bibi, leo usinitie presha."

"Sikutii presha, mwanangu. Nakwambia tu. Umegeuka tangu alfajiri, na ukungu haupandi."

"Tano gani hiyo inayopiga soga?" askari alifoka.

"Tano ya tisa, afande! Wote tupo!"

Na kweli wote walikuwapo. Nyuma ya Otilia alikaa Bibi Melania, mkulima wa viazi wa miaka sitini na minane. Nyuma ya Melania alikaa Edina Mbilinyi, fundi bomba mwenye mdomo usio na breki. Kisha Tumwitike, aliyekuwa mwanakwaya, ambaye akisikia jambo mara moja halimtoki tena. Na mwisho kabisa Shukuru, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukubali kitu bila kuuliza kwa nini. Kwa askari walikuwa wafungwa watano. Kwa chuo kikuu walikuwa mwanafunzi mmoja, na chuo chenyewe hakikujua.

*

Hilo la mwanafunzi mmoja lilitokea hivi.

Miaka ile mashine zilipoanza kujibu mitihani vizuri kuliko wanaoisahihisha, vyeti vya karatasi vilikosa thamani hata ya kufungia maandazi. Vyuo vikaacha kupima majibu, vikaanza kupima kuelewa. Kazi hiyo ilipewa taji, yaani utepe mweusi wa kuvaa kichwani, mwembamba, wenye sauti ya mwalimu ndani yake. Taji lilikufundisha na papo hapo likasikiliza namna akili yako inavyolishika jambo. Ukikariri, linajua. Ukielewa, linajua. Mbele yake palikuwa na tarakimu zinazowaka, sifuri mpaka mia, na tarakimu zile hazihongeki.

Kisha ikaja sheria kwamba mfungwa atakayemaliza shahada kwa taji, kifungo chake kilichobaki kinafutwa siku ya kutunukiwa. Watu walipiga kelele kweli. Wengine walisema ni rehema, wengine wakasema ni kuwapa wezi vyuo wakati watoto wa watu wema hawana. Serikali ikaona bora ijaribu kwanza mahali padogo na pa mbali. Ndiyo maana Mlowe, yenye wanawake mia tatu, ikaletewa taji moja. Vijiti vikavutwa, bahati ikaangukia tano ya tisa, na Otilia kwa kuwa ndiye wa mbele akaandikwa kuwa mwanafunzi.

Fundi aliyelileta aliliweka mezani akaenda ofisini kufuata saini. Taji halikumsubiri.

"Mwanafunzi avae," lilisema, "kisha ahesabu moja mpaka ishirini, ili nimfahamu."

Mtu wa mtaani angelivaa, angehesabu, yakaisha. Lakini Mlowe hakuna kitu kinachopewa mtu. Ndoo, sabuni, jembe, hata sindano ya kushonea, vyote hupewa tano, navyo huanzia mbele vikapita mkono kwa mkono mpaka nyuma. Otilia alivaa taji, akahesabu mpaka nne, akavua, akampa Melania bila hata kufikiri. Melania akaendelea mpaka nane, akampa Edina. Shukuru alipotaja ishirini, taji lililia kengele.

"Karibu, mwanafunzi," lilisema. "Una kichwa kipana sana."

Walicheka mpaka wakafukuzwa darasani.

Walidhani ni utani wa mashine. Wakaanza kusoma uhandisi wa maji kwa namna pekee waliyoijua, mmoja amevaa, wengine wamemzunguka, wanabishana kwa sauti, na kila hatua taji linahamia kichwa kingine. Siku walipoelewa kwa nini maji yakiachiwa kwenye vyombo viwili vilivyounganishwa hutafuta usawa, Edina alisimama akashika kiuno. Alikuwa amefunga mabomba miaka ishirini. "Kumbe!" alisema. "Kumbe ndiyo sababu!" Kisha akalia kwa furaha, mwanamke yule ambaye hata siku ya hukumu yake hakutoa chozi.

Mwaka wa pili Tumwitike alilazwa kwa nimonia. Wanne waliobaki wakakaa kusoma, taji likasema, "Mwanafunzi hajakamilika leo."

Walitazamana.

"Mungu wangu," Edina alisema. "Limetusajili wote kama mtu mmoja."

"Kwa nini tusiwaambie?" Shukuru akauliza.

"Umesahau masharti?" Otilia alijibu. "Mtu akivaa taji la mwenzake ni udanganyifu. Taji linachukuliwa, jaribio linafungwa. Wale wenzetu wote wanaosubiri zamu yao watatutafuna wabichi."

Basi wakafunga midomo, wakasoma kwa pupa ya mtu aliyefunga tangu juzi. Mwaka wa nne ulipofika, shahada ikiwa imebaki mtihani mmoja, Bibi Melania ndiye aliyelisema lile ambalo kila mmoja alikuwa analikwepa.

"Jina lililoandikwa ni la Otilia. Ana miaka kumi na moja mbele yake, na binti anakua bila mama. Aende yeye. Mkikaa wote mlangoni kusubiriana, hatoki mtu."

Wote walikubali, wakiomba tu taji lisije likasema siku hiyo kwamba hajakamilika. Hata Shukuru hakuuliza kwa nini.

*

Mtihani ulifanyika kwenye bwalo la chakula, likinuka maharage ya jana. Mtahini alikuwa Profesa Shekighenda, mama mfupi mwenye matope mpaka kwenye magoti, maana alianza kwa kupanda mlimani kujionea kazi yenyewe. Juu ya gereza tano ya tisa ilikuwa imesimamisha neti arobaini za ukungu. Ukungu unapopita, neti zinaunywa na kuudondosha kwenye mfereji, mfereji unapeleka kwenye tangi, na tangi lilikusudiwa kuwanywesha wafungwa wote pamoja na kijiji cha bondeni.

Kando ya profesa alikaa Bwana Mwinjuma, fundi wa taji, na Afande Nyagawa, mkuu wa gereza, mama aliyevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inakata.

Alama ya kufaulu ilikuwa sitini. Kwa wiki sita Tumwitike alikuwa amemsomea Otilia masomo yote kutoka kichwani, Edina amemchorea mabomba sakafuni kwa mkaa, Melania amemfundisha pepo za mlima moja moja. Otilia alijibu. Alijibu mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Tarakimu kwenye taji zilipanda zikisitasita, hamsini na tano, hamsini na nane, sitini. Sitini na mbili.

Amefaulu! Nje ya geti binti yake Agnesta alikuwa ameshafika na shangazi yake, mkononi ameshika koti jipya la mama. Alimwacha ana miaka sita. Sasa alikuwa na kumi na mitatu, na mguu wa kuazimana viatu na mama yake.

Ndipo taji likasema, bwalo zima likisikia, "Mwanafunzi hajakamilika."

Mwinjuma alichungulia tarakimu, akakuna kidevu. "Profesa, hili ni taji la toleo la zamani. Baridi ya huku inaliharibu. Ni hitilafu tu."

Profesa alimgeukia Otilia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka na anayetaka mambo yaishe vizuri. "Umelitumia miaka minne. Alama zako zimetosha. Nikiandika kwamba ni hitilafu ya baridi, nasaini sasa hivi, na saa nane uko kwa mwanao. Hakuna atakayeuliza. Niandike hivyo?"

Ilibaki neno moja tu. Ndiyo.

Otilia aliwahi kulisema neno hilo. Enzi vyeti vya karatasi vilipokuwa bado na nguvu, alikuwa na kiduka cha kuchapisha karibu na stendi, na siku moja aliingia mwanamume mpole akitaka cheti cha uhandisi. "Kazi naijua, dada, napungukiwa karatasi tu. Hakuna atakayeuliza. Unanichapishia?" Akasema ndiyo, akamchapishia, na kwa mwezi mzima akajisifu jinsi ule mhuri ulivyotoka safi. Mwanamume yule alijenga tangi la shule. Tangi likaanguka juu ya foleni ya kuteka maji. Watoto wawili na mpishi. Otilia hakuwa na haja ya kukumbushwa majina yao, na miaka kumi na minane aliyopewa hakuona kama ilizidi.

Alitamani sana kusema ndiyo. Asidanganywe mtu kwamba alikuwa shujaa. Alilitamani lile koti, na mikono iliyolishika, mpaka kinywa kikakauka.

"Profesa," alisema, "taji si bovu. Mwanafunzi hajakamilika kweli. Tuko watano."

Akaeleza yote, tangu kuhesabu mpaka ishirini.

Alipomaliza, Mwinjuma alinyoosha mkono akalivua taji kichwani pake. Afande Nyagawa alisimama kwa ghadhabu. "Mgaya! Unajua umefanya nini?"

"Najua, afande. Nimekifunga chuo."

"Umewafungia wenzako mia tatu!"

Hilo lilikuwa kweli, nalo lilimuuma Otilia kuliko yote. Profesa peke yake hakufoka. Alikuwa akitazama taji mikononi mwa Mwinjuma.

"Hao wengine wako wapi?" aliuliza.

"Shambani. Wanavuna viazi."

"Waiteni."

"Profesa, kanuni..." Mwinjuma alianza.

"Kanuni inasema nimtahini mwanafunzi," profesa alisema, akiinuka. "Kumbe mwanafunzi alikuwa bado hajafika."

*

Mlimani ilikuwa hivi. Neti arobaini zilisimama juu ya nguzo, kavu kabisa. Chini yake, ukungu mzito ulitambaa juu ya nyasi ukipita zake. Wale wanne walifika wanahema, udongo wa viazi ungali kwenye vidole, na kabla ya kusalimia mtu wakachuchumaa nyuma ya Otilia. Hakuna aliyewaamuru.

"Nilipofika asubuhi tangi lilikuwa tupu, na mpaka sasa ni tupu," alisema Profesa Shekighenda. "Nina swali moja. Kwa nini, na mtafanya nini? Nawapa nusu saa." Akachukua taji kwa Mwinjuma, akamkabidhi Otilia.

Otilia alilivaa. Hakujua lolote zaidi ya kwamba neti ni kavu. Ishirini na moja. Akalipitisha nyuma.

"Nilisema mimi!" Bibi Melania aliropoka, taji limemkaa upande. "Upepo huu unatoka bondeni. Huu hauruki, unatambaa. Ukija msimu wa viazi, unaunguza majani ya chini tu, ya juu yanabaki mazuri. Ukungu wake uko usawa wa goti!" Arobaini na nne.

Edina alilinyakua. "Basi neti ziko juu mno. Tuzishushe. Kamba zipo, kapi zipo, nilizifunga mwenyewe."

"Ukizishusha, mfereji unashuka nazo," Tumwitike alisema, akivaa kwa zamu yake. "Somo la mia mbili na kumi na mbili: maji ya mfereji hayaingii kwenye mdomo wa tangi ulio juu ya mfereji. Na mdomo wa tangi letu uko juu." Hamsini na tisa. Tarakimu zikaganda.

Taji lilifika kwa Shukuru. Akalishika kichwani kwa mikono miwili, akakunja uso.

"Kwa nini," aliuliza, "lazima yaingilie juu?"

Edina alipiga ukelele. "Bomba la kusafishia! Lile la chini! Tangi ni tupu, jamani, litajaa kutokea chini!"

"Mpaka usawa wa mfereji," Otilia alidakia, taji likimrudia, na ndani ya kichwa chake hesabu ikafunguka yote kwa mpigo. "Halivuki hapo, lakini hapo ni nusu tangi, na nusu tangi inatosha gereza kwa siku mbili. Upepo ukigeuka tena tunapandisha!" Themanini na nane.

Wakakimbia. Profesa mzima akakimbia nao. Kamba zikalegezwa, neti zikashuka zikilia kwenye nguzo, Edina akalala kifudifudi kwenye tope akiunganisha mfereji na bomba la chini kwa kipande cha mpira alichokichomoa mfukoni, na usimuulize alikitoa wapi. Taji liliruka kutoka kichwa hadi kichwa, bila mpangilio tena, yeyote aliyekuwa na la kusema alilivuta. Neti zilianza kung'aa. Tone. Matone. Kisha mchirizi mwembamba ukapita mfereji mzima ukaingia bombani.

Profesa Shekighenda aliweka sikio kwenye tangi. Alikaa hivyo muda mrefu, macho amefumba.

"Yanaingia," alisema. Alipogeuka, tarakimu kwenye kichwa cha Bibi Melania zilionyesha tisini na nane, na bibi mwenyewe alikuwa anacheza.

Furaha ile ilikuwa kubwa mno kwa watu walioambiwa muda si mrefu uliopita kwamba wamekwisha. Profesa aliwaacha wapige vigelegele, kisha akasema, "Nitaandika nilichokiona, chote. Baraza la chuo linaweza kukubali, linaweza kufunga. Siwaahidi kitu. Na wewe, Mgaya, leo hutoki."

"Nimeelewa, Profesa."

Walimruhusu dakika kumi na binti yake. Agnesta alisikiliza habari yote huku akifungua na kufunga vifungo vya lile koti.

"Lakini si umesema umefaulu?"

"Nimefaulu, mwanangu. Tumefaulu watano. Ndiyo maana inachelewa."

Binti alinuna. Kisha akamvalisha koti, akamwambia mikono ni mirefu, ataikunja. Hakusema kama amemsamehe, na Otilia hakumlazimisha.

*

Jibu lilikuja wiki ya tisa. Afande Nyagawa aliita gereza lote uwanjani, akafungua waraka, akausoma kwa sauti ile ile ya kusomea adhabu, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyegundua kuwa ni habari njema.

Baraza lilisema mwanafunzi aliyesajiliwa hakudanganya, kwa kuwa hakuvaa taji la mtu mwingine. Taji lenyewe ndilo lililomfahamu hivyo alivyo. Mwanafunzi huyo ni mmoja, naye ana watu watano. Shahada yake ni moja, na imetunukiwa. Kifungo kilichofutwa ni kile kilichombakia aliyeandikwa kwenye usajili, yaani miaka kumi na moja, nacho kitagawanywa sawa kwa watu wake wote. Kila mmoja anapunguziwa miaka miwili, miezi miwili na siku kumi na mbili.

"Na jaribio," Afande Nyagawa aliendelea, sauti ikianza kumponyoka, "halifungwi. Mlowe italetewa mataji sitini. Moja kwa kila tano."

Uwanja ulilipuka. Wanawake walirukaruka wakakumbatiana, na hata askari mmoja alionekana akipiga makofi kabla ya kukumbuka yeye ni nani.

Katikati ya kelele hizo Otilia alikuwa anapiga hesabu. Kwake ilibaki miaka minane na miezi tisa. Iliingia moyoni ikauma, asikatae. Agnesta angekuwa na miaka ishirini na mmoja. Kisha akahesabu ya Edina, ya Shukuru, ya Tumwitike. Akafika kwa Bibi Melania, aliyebakiza miaka miwili na mwezi, na hapo akasimama. Akarudia hesabu mara ya pili.

"Bibi," alisema, akimshika mkono. "Bibi, wewe unatoka leo."

"Mimi?" Bibi Melania alimkodolea macho. "Leo hii? Na viazi vyangu nimeviacha nusu!"

Walimsindikiza mpaka getini wanne hao, yeye akiwa na kifurushi cha kanga mkononi, akigeuka kila hatua mbili kuwaagiza namna ya kufukia mbegu. Kwenye kizingiti alimvuta Otilia kando.

"Niambie kweli, usinifiche. Siku ile ungejua ni mimi nitakayetoka na wewe utabaki, ungesema?"

Otilia alifikiri, kwa sababu bibi yule hakuwa mtu wa kupewa jibu la kumpendeza.

"Ningejua, ningeomba chai kwanza," alisema. "Ningeinywa polepole sana. Kisha ningesema."

Bibi Melania alicheka mpaka akashika geti. Akamwekea kiganja shavuni, akamwita mwanangu, akatoka. Otilia alisimama pale akilia bila kujificha, akimtazama bibi akishuka kwenye njia ya kijijini bila haraka, akisimama kila mahali kuangalia mashamba ya watu. Kisha Tumwitike, aliyekuwa ametangulia na wenzake, akamwita kwa nguvu kutoka darasani, kwamba somo la saa nne la kuwaandaa wanaosubiri mataji limeshaanza na Shukuru ameshauliza maswali matatu, na Otilia akafuta uso kwa mkono wa koti, akakimbia.